Mchele wa Bi Mwanahawa

Usiku ule nililala na hasira. Bi Mwanahawa alikuwa amegeukia ukuta tena, uji wake umepoa, na msimamizi wa makao yetu ya wazee alikwishaniambia waziwazi: akiendelea kukataa chakula, atapelekwa hospitali akalishwe kwa mpira wa puani. Tangu rafiki yake wa kitanda cha jirani afariki, Bi Mwanahawa hatoki chumbani. Tumemwita ukumbini kwenye ngoma, tumemletea mpaka keki. Wapi! Mimi ndiye mhudumu wake, na mpira ule sikuutaka hata kuusikia.

Usingizini nikamwona bibi yangu Zuhura, mama yake mama, tuliyemzika zamani. Anakuja kwenye korido ya makao, kanga kiunoni, ungo wa mchele mkononi, anatembea kama mtu mwenye shughuli zake. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, wala hakusimama. Hakuwa mtu wa kubembeleza alipokuwa hai, na kufa hakukumbadilisha.

Namfuata chumbani, lakini chumba sasa ni uani kwetu. Kuni zinafuka moshi, na kitanda cha Bi Mwanahawa kiko palepale karibu na mafiga. Bibi anakaa ukingoni mwa kitanda. Hatoi pole, haulizi kama mtu amekula. Anachambua mchele, tena anauchambua vibaya! Mawe anayaacha, mchele mzuri anautupa. Bibi yuleyule ambaye akikuta nimeacha chuya moja alinirudisha mwanzo! Nafungua mdomo nimwambie, ananikata jicho.

Bibi anaendelea kuutupa mchele mzuri. Halafu Bi Mwanahawa anageuka. Anautazama ungo, amekereka kwelikweli.

"We mama, mchele huo utavunja watu meno. Hebu lete hapa."

Bibi akampa. Vidole vya Bi Mwanahawa vikaanza kazi, polepole kwanza, kisha upesi, na mdomoni analalamika kuhusu wanawake wasiofundwa. Ndipo bibi akanigeukia.

"Kila siku mnampa, mnampa. Nani amewahi kumwomba kitu?"

Nikanyoosha mkono nimshike. Nikashika shuka.

Kumekucha. Nilimlilia bibi kidogo, nikanawa uso, nikakata shauri. Leo simwiti Bi Mwanahawa ukumbini, wala simbembelezi na uji. Nitamwomba mpishi mchele ambao haujachambuliwa, niende kukaa kitandani kwake, mimi na yeye tu, niuchambue vibaya mbele ya macho yake. Na asipogeuka leo, kesho nitauharibu zaidi.