Siku Kamati Ilipomwuliza Mama Alliance

Ukifika Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, ukauliza kitanda kizuri kinatengenezwa wapi, hata mtoto wa miaka sita atakupeleka kwa Ndayisenga. Lakini jitayarishe, ndugu yangu, maana hutabeba kitanda peke yake. Vijana wengi wa Uvira wanaokaribia kuoa wamesimama mbele ya karakana ile wakitaka kujua bei tu, wakaondoka baada ya saa nzima na barua ya Waefeso yote kichwani. Randa inakwenda, na mdomo unakwenda. Mume ni kichwa, mke atii, watoto waheshimu. "Kitanda ni mbao na misumari," huwaambia. "Nyumba ni utaratibu. Kila muntu na nafasi yake."

Nisimcheke sana. Alikuwa mtu mwema, tena kwa kipimo cha mtaa wetu alikuwa mwema kupita kiasi. Miaka kumi na minane ya ndoa hakunywa pombe, hakulala nje, hakumwinulia mkono mkewe Apolline hata siku moja. Kila Jumatano aliwafundisha wachumba kanisani, na semina za ndoa na jamaa zilimwita mpaka Luvungi. Huko alisimama mbele ya mamia ya watu akaeleza wajibu wa mume, wajibu wa mke na wajibu wa mtoto, watu wakarudi makwao wakijipiga kifua kwa toba. Ila wazee walishasema, kinyozi hajinyoi.

Mwaka huu kanisa likataka kumweka kuwa mzee wa kanisa. Na kwa kanisa lile, kuwekewa mikono si mchezo. Anayewekwa haulizwi kitu chochote. Kamati ya watu watatu inakuja nyumbani kwake, inakula chakula chake, halafu mbele ya wote inamwuliza mke wake swali moja tu: huyu mtu tunayetaka kumpa nyumba ya Mungu, yako ameitunza? Tumwekee mikono? Mke akikubali, Jumapili mikono inawekwa. Akikataa, au akinyamaza, basi, jina linarudi kabatini. Desturi hiyo waliitoa kwenye maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba asiyejua kusimamia nyumba yake mwenyewe atalitunzaje kanisa la Mungu. Wazee wengine walipotaka kuiondoa, Ndayisenga ndiye aliyesimama kidete kuitetea. Alikuwa na uhakika na nyumba yake kuliko na mbao zake.

Jambo moja tu lilimkwaruza moyoni. Apolline alikuwa ameshupaa. Kwa muda wa mwaka na zaidi alimwita, naye hageuki. Usiku, taa ikishazimwa, alimsemesha kitandani, naye amempa mgongo, kimya. Na siku alizojibu, alijibu kwa sauti ya juu, kama mtu anayegombana sokoni. Ndayisenga aliomba, akafunga, mwisho akaamua kama kichwa cha nyumba. Hatapiga kelele na hatapiga mtu. Atamwachia kimya chake mpaka atubu mwenyewe. Tangu hapo maneno yake yote kwa mkewe yalipita kwa mtoto. "Alliance, ambia mama yako watu wa kwao Lubarika wanakuja kesho." Alliance, kifungua mimba wake wa miaka kumi na saba, alikwenda jikoni, akasimama mbele ya mama yake, akasema, na mambo yakafanyika. Chakula kilikuja kwa wakati. Nguo zilipigwa pasi. Ndayisenga aliiita hali hiyo amani. Jama!

Kamati ilikuja Alhamisi, saa tisa za mchana. Alikuwako Pasta Azarias, mtu mpole aliyeshuka kutoka milima ya juu na kuanza kazi hapa miezi minne tu iliyopita, asiyeachana na daftari lake. Alikuwako Mama Josée, mkubwa wa wamama wa kanisa, na mzee Cyprien, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mkutano kwa maombi. Apolline alikuwa ameshinda jikoni tangu asubuhi. Walikula samaki wa mikeke wa kuchoma, sombe ya majani ya muhogo na bugali, wakasifu, wakalamba vidole. Suti mpya ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba. Watu wa Lubarika walikuwa wamekwisha kukodi gari la kuwaleta Jumapili.

Apolline akaingia kukusanya sahani. Aliinama juu ya meza, mgongo kwa wageni, ambao walikuwa wamehamia kwenye viti vya ukutani. Pasta akafungua daftari na, macho yakiwa kwenye karatasi, akasema, "Mama Alliance, tunakuuliza mbele ya Mungu. Bwana yako ametunza nyumba yake? Tumuwekee mikono?"

Sahani juu ya sahani. Apolline hakugeuka.

Pasta alidhani mama anaona haya. Akarudia, polepole zaidi. Apolline akaokota mfupa wa samaki ulioanguka, akauweka kwenye sahani, akafuta meza. Mzee Cyprien akakohoa. Ndayisenga akamtazama mkewe mgongoni. Kumbe ndiyo hivi! Mwanamke alimfanyia ugumu ndani ya nyumba, yeye akavumilia, sasa anamfanyia mbele ya kamati, siku tatu kabla ya kuwekewa mikono! Hasira ikampanda, akasimama.

"Pasta, munisamehe. Muliona na macho yenu. Minye sikutaka kusema, maana ni haya ya nyumba. Huyu mama alifanya moyo mugumu. Mwaka na zaidi ninamuita, haitike. Ninamusemesha, ananipa mugongo. Neno linasema bibi atii bwana yake, minye nilifanya sehemu yangu yote. Sasa muniambie, kosa iko ya nani?"

Mama Josée alikuwa ameshika glasi ya maji. Aliitua chini bila kunywa.

"Ndayisenga, unasema nini?"

"Ninasema yenye iko, mama."

"Weye... haujue?"

"Kujua nini?"

Mama Josée akajiziba mdomo kwa mkono. Alimtazama Ndayisenga, akamtazama Pasta, akamrudia Ndayisenga kana kwamba anatafuta kama mtu huyu anatania. "Yesu wangu! Baba huyu hajui! Apolline hasikiake, Ndayisenga. Masikio yalikufa. Tangu ile malaria, wakati walimutia serumu za kinini mu mushipa. Inakwenda miaka mbili! Wamama wote wa kanisa tunajua. Tukisema naye tunasimamaka mbele yake, anasoma midomo. Alituambia tusiseme, tukafikiri ni weye ulitaka tusimusumbue! Hata sasa nilikuwa ninangoja weye umuguse ageuke!"

Ndayisenga akacheka. Ndiyo, alicheka, kicheko kidogo kikavu, maana kichwa cha mtu kikipigwa hivyo hakijui cha kufanya. Akageuka kwa mkewe, ambaye bado alikuwa ameinama.

"Apolline."

Apolline alikuwa anakwangua ukoko wa bugali.

"Apolline!"

Akaongeza sahani ya tatu.

"APOLLINE!" Mzee Cyprien aliruka kwenye kiti. Huko nje mtu aliyekuwa akipita barabarani alisimama, akachungulia. Apolline alichukua kitambaa, akafuta tone la mafuta pembeni mwa meza, taratibu, bila hata kutikisa bega. Miaka miwili! Mtu anakaa na mtu miaka miwili, analala naye, anakula chakula cha mkono wake, hajui! Usiniulize inawezekanaje. Kanisani wanaume wanakaa kuume, wanawake kushoto. Nyumbani yeye anakula salon, mke anakula jikoni na watoto. Siku nzima yuko karakana, na jioni anasema na mtoto. Weka hayo yote pamoja, uone kama haiwezekani.

Alliance alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ya nyumba ile alikuwa yeye.

"Baba, ni mama alitukataza," akasema. "Alisema tukikuambia atatukasirikia mpaka kufa. Ukimuitaka, sisi ndio tunakimbia kumugusa. Mudogo wangu Vainqueur anapigaka mguu chini, mama anasikia mutikisiko. Lakini mukiwa chumbani, sisi hatuwezi kuingia."

Mukiwa chumbani. Ndayisenga aliona nyakati zote za usiku alizomsemesha gizani, akimhesabia ushupavu. Akakumbuka na ile malaria. Alikuwa Luvungi, siku ya pili ya semina, somo likiwa upendo wa mume, hata lilimnogea. Simu ikaja, Alliance analia, mama ameweweseka. Akajibu, "Minye niko kazi ya Mungu. Mumupeleke kituo cha afya, tutaomba." Na kweli, aliwaombesha watu wote wa semina. Aliporudi siku ya tano alimkuta mkewe jikoni, amekonda, anapepea moto. Akasema Mungu asifiwe, akauliza kama kuna maji ya kuoga. Hakumwuliza kitu kingine, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Ndipo Apolline akageuka na sahani mikononi. Aliona sura zao, akaona machozi ya binti yake, akazitua sahani. Mama Josée alimwendea mbele, akamshika mabega na kumwambia kwa midomo ya polepole, "Amejua."

Apolline akamgeukia mumewe. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya juu ambayo Ndayisenga aliihesabu kuwa jeuri, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Nilitaka kukuambia. Mwanzoni sikio la kuume lilikuwa lingali linasikia kidogo. Nikakuletea chai karakana ili nikuambie. Nikakuta unafundisha vijana. Ulisema Mungu alimupa Adamu musaidizi muzima, na musaidizi asiyeweza kazi ni muzigo. Nikarudi na chai yangu. Nikasema, akijua, atanirudisha Lubarika kwa baba yangu, na watoto wangu atawalea nani?"

"Nilikuwa ninasema juu ya wavivu!" Ndayisenga alilia. "Wavivu, Apolline! Sikusema juu yako!" Lakini alisema akiwa amejishika uso kwa mikono miwili, na maneno yale hayakufika popote. Apolline aliona mikono tu.

Pasta Azarias alikuwa amepauka. Alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. Huko milimani alikuwa amesuluhisha ugomvi wa mashamba na ng'ombe, lakini hili hakulijulia pa kushika.

"Pasta, ufute jina langu," Ndayisenga akasema.

"Apana!" Mama Josée akamkatiza. "Hata hapa unataka kujibu weye? Swali haliko lako. Ni la huyu mama, na hajalisikia bado." Akamgeukia Apolline, uso kwa uso, akalirudia lote, neno kwa neno, kidole kikimwonyesha Ndayisenga. Ametunza nyumba yake? Tumuwekee mikono?

Apolline akamtazama mumewe. Hapo kila mtu salon mle alijua atajibu nini. Tangu desturi ile ianze hakuna mke aliyewahi kukataa. Wako waliopigwa wakakubali. Wako walioachwa na njaa wakakubali, maana nani atavua nguo za nyumba yake mbele ya Pasta? Na Apolline alikuwa amemfichia mumewe aibu miaka miwili, siku tatu zaidi zingemshinda nini?

"Hapana," Apolline akasema.

Mzee Cyprien, aliyekwisha kufumba macho tayari kwa maombi, akayafumbua.

"Hakunipiga. Hakuninyima chakula. Hayo muandike, ni kweli. Lakini kila Jumapili ninakaa na wamama, ninamuona mbele, anafungua mudomo, watu wanasema Amina, na minye ninasema Amina. Sijui amesema nini. Ninafika nyumba, ananitumia mutoto. Muliniuliza kama alitunza nyumba. Minye nilikuwa mu nyumba. Hakuniona." Akavuta pumzi. "Kanisa lingoje. Minye nimengoja zaidi."

Pasta aliandika. Aliandika lile hapana kama lilivyotamkwa, akaweka tarehe. Maombi ya kufunga hayakuombwa, mzee Cyprien alikosa pa kuanzia. Wageni waliondoka, maji ya kunawa yakabaki kwenye birika, na kabla ya saa kumi na mbili Alliance alikuwa amewapigia simu watu wa Lubarika kuwaambia wasije.

Ndayisenga alikwenda jikoni. Kwa miaka kumi na minane alikuwa ameingia mle mara za kuhesabika, na sasa hakujua hata aketi wapi. Watoto walimpisha. Aliketi chini kwenye sakafu, upande ule mwanga wa mlango ulipoangukia, mahali ambapo Apolline angeweza kuuona mdomo wake, na akaanza kumwuliza habari za ile malaria, tangu siku ya kwanza.