Nyar Alego Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini Padre Paroko hakunipa Biblia wala katekisimu. Alijua ninavyo. Alinipeleka nyuma ya kanisa, akanionyesha benchi lililokuwa chini ya dirisha la ofisi, akasema, "Hapa ndipo utakapokaa na wachumba. Usiwafundishe sala kwanza. Waulize wametoka kwa nani."

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, mjini Kisumu. Nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha makatekista, na sikutegemea kwamba utumishi wangu wa miaka yote ile ungekuwa, kwa sehemu kubwa, kuuliza watu habari za babu zao. Namshukuru Mungu kwamba hakunionyesha mapema, maana ningeogopa.

Vijana wanaosoma haya huenda hawajui kazi ile ilivyofanywa, kwa hiyo nitaeleza. Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kwa bwana arusi na kwa bibi arusi. Aliyejua kizuizi, yaani sababu ya ndoa ile kutofungwa, alitakiwa kukisema kabla ya tangazo la tatu. Kizuizi kilichotushughulisha zaidi kilikuwa udugu wa damu. Tulihesabu kwa ngazi: watoto wa ndugu wawili wako ngazi ya pili, na wajukuu wa ndugu hao ngazi ya tatu. Padre Paroko, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni na Kijaluo sokoni, aliniambia hivi: "Sheria ya Kanisa inapanda ngazi tatu. Wazee wenu wanapanda mpaka wachoke. Wewe utapanda nao."

Mjini palikuwa na Wakristo wa kila upande. Walikuwapo Waluhya waliofanya kazi bandarini na relini, Wakikuyu wenye maduka, na Wajaluo wa kila lokesheni. Nilisoma matangazo kwa Kiswahili, na punde nikaona kwamba watu hawakuyasikiliza kwa ajili ya vizuizi. Waliyasikiliza kama habari za nyumbani. Misa ikiisha, walinizunguka mlangoni.

"Mwalimu, huyo msichana wa Butere uliyemsoma, baba yake ndiye yule fundi cherehani?"

"Ndiye."

"Kumbe mtoto wa shangazi! Anakaa Kaloleni, nami niko hapa Pandpieri, hatujuani! Nani amemwoa bila kuniambia?"

"Bado hajaolewa, Mama. Ndiyo maana ninatangaza."

Basi nilijikuta nabeba habari. Ukipita Kisian, mwambie mama nimepata mtoto wa kiume. Ukimwona baba mdogo, mwambie mgonjwa ametoka hospitali. Nilipohamishiwa Kisian, nikawa nazunguka vigango kwa baiskeli, habari hizo zikawa mzigo wangu halisi. Huko nilikuwa chini ya Katekista Mkuu, mzee mwenye sauti nzito aliyetumikia tangu kabla sijazaliwa. Siku moja alinisikia nikimhoji baba wa msichana, akanivuta kando.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana, Mzee."

"Mbona unamuuliza kama ameiba ng'ombe? Ukifika kwa mtu, toa habari kwanza. Nani amezaa, nani amelazwa, nani amezikwa. Akishapokea habari za ndugu zake, atakutajia ndugu wengine mwenyewe, na hutaweza kumnyamazisha. Kunywa uji wao. Usinitie aibu."

Njia hiyo niliitumia mpaka nilipostaafu, na sikuona nyingine iliyoizidi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipelekwa upande wa Kombewa, katika Seme. Huko ndiko nilikokutana na jambo ambalo bado ninaulizwa. Kijana mmoja, Paulo, fundi katika karakana mjini Kisumu, aliomba kutangazwa na Consolata, msichana wa Usenge, ng'ambo ya Bondo. Baba yake Paulo alikuwa amefariki, kwa hiyo aliyesimama mahali pa baba ni kaka wa marehemu, Mzee Opiyo. Mzee huyu alikuwa Mkristo mwema, mwenyekiti wa kigango chetu, na ndiye aliyekuwa akishika kapu la sadaka.

Nilisoma tangazo la kwanza. Nilitaja, kama desturi yangu, wachumba, baba zao, na upande walikotoka nyanya zao. Kabla sijakunja karatasi, Mzee Opiyo alisimama na kapu mkononi.

"Mwalimu, tangazo hilo lisimame. Hapo kuna wat."

Wat ni udugu wa damu. Watu wote wakageuka kumtazama.

Nje alinieleza kwa utulivu, na niliona kwamba alikuwa anaumia. Mama yao, yeye na baba yake Paulo, alikuwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego. Kwetu mwanamke akiolewa huitwa kwa mahali alikotoka, na jina hilo ndilo linalokaa naye mpaka kaburini. Mama huyo alifariki wanawe wakiwa wadogo. Kitu kimoja Mzee Opiyo alikumbuka kuambiwa na baba yake: Nyar Alego alikuwa na mdogo wake, naye aliolewa Yimbo, kule kando ya ziwa. Sasa mimi nilikuwa nimesoma kwamba nyanya yake Consolata, mama wa baba yake, ni Nyar Alego, na Usenge iko Yimbo.

"Ni wajukuu wa dada wawili," alisema. "Tukiwaoza, watazaa chira, laana ya kuvunja mwiko. Watoto watakauka mikononi mwetu huku tukiwatazama. Nimwambie nini ndugu yangu aliye kaburini?"

Nilimpelekea Padre wa Kombewa habari hiyo. Alihesabu kwa vidole: ngazi ya tatu. Akasema tangazo la pili lisisomwe mpaka jambo lithibitishwe au likanushwe na mashahidi.

Paulo alipopata habari alikuja kutoka mjini akiwa amevaa bado nguo za kazi. Hakuketi.

"Mwalimu, nikienda kwa DC nitafunga ndoa. Kule hakuna anayeuliza nyanya yako alitoka wapi."

"Ni kweli. Na baba mkubwa wako atakuja kwenye arusi hiyo?"

 Consolata, aliyekuwa amesimama nyuma yake, ndiye aliyejibu. "Mimi sitaingia katika boma ambamo wazee wananiangalia wakisubiri mtoto wangu afe. Mwalimu, sibishani nao. Naomba tu waulize vizuri. Kama ni ndugu yangu, nitamsalimia kama ndugu na nitarudi kwetu."

Maneno hayo yalinizuia kulala vizuri. Nilikaa nikasali, nikamwomba Mungu anionyeshe ni nani wa kuulizwa.

Wazee wa ukoo nilikwisha kuwauliza. Walinitajia baba, babu, na baba wa babu, wakapanda bila kusitasita kama watu wanaopanda ngazi za nyumba yao. Lakini nilipouliza jina la Nyar Alego, jina lake mwenyewe alilopewa na mama yake, walitazamana. Mmoja akasema, "Nyar Alego ni Nyar Alego." Hakubatizwa, kwa hiyo hata kanisani hapakuwa na jina. Na binti za Alego walioolewa Yimbo walikuwa wangapi? Alego ni kubwa. Nikaona kosa lilipo. Tulikuwa tunawatafuta wanawake wawili kwa jina ambalo si lao.

Katika boma la Mzee Opiyo aliishi bibi mmoja mkongwe, mke mwenza wa marehemu Nyar Alego. Ndiye aliyemlea Opiyo na ndugu yake mama yao alipofariki. Watu walimwita Nyar Uyoma. Nilimkuta anapeta mtama. Nikaketi chini, nikatoa habari zote za Kisumu na Kisian nilizokuwa nazo, nikanywa uji, ndipo nikauliza. Aliacha kupeta, akacheka mpaka akakohoa.

"Leo mmekuja kuuliza majina ya wanawake? Fahali wenu mnawajua wote kwa majina. Hata yule aliyekufa wakati wa njaa mnamwimba mpaka leo!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Mama."

"Opiyo anajua umekuja?"

"Anajua. Alisema mwanamke hawezi kuwaeleza mambo ya ukoo wao."

"Huyo nimemfuta kamasi mimi." Akachukua tena ungo, akaupiga pigo moja, akauweka. "Aliitwa Awino. Mume wetu akiwa mbali, mimi na yeye tuliitana majina yetu ya usichana, tukacheka. Mdogo wake aliitwa Aloo. Alikuja hapa kwa matanga ya dada yake, akarudi Yimbo. Sijamwona tena."

Nilimshukuru. Sasa swali lilikuwa moja tu. Nyanya wa Consolata akiwa ni Aloo, ndoa imekufa.

Safari ya Usenge nilikwenda na Mzee Opiyo mwenyewe, kwa kuwa nilitaka asikie kwa masikio yake. Sikumwambia jina la mama yake njiani, wala hakuliuliza. Mtu hapewi jina la mama yake ndani ya basi, kati ya magunia.

Tulimkuta bibi, nyanya yake Consolata, ufuoni, anageuza omena, dagaa wa ziwani, waliotandazwa kwenye nyavu kuukuu, huku akiwafukuza kunguru kwa kijiti. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali. Baba yake Consolata alituletea viti. Nilitoa habari. Tukala samaki. Kisha nikamwomba ruhusa mwanawe, nikamgeukia bibi.

"Mama, tunakuita Nyar Alego sote, na ni heshima. Lakini kule kwenu, kabla hujaolewa, mama yako alikuita nani?"

 Aligeuka akatazama ziwa. Mwanawe naye aliinamisha kichwa, na nikafahamu kwamba hata yeye alikuwa anangoja.

"Huyo msichana," bibi akasema mwishowe, "alibaki Alego. Nani anamtaka?"

"Mjukuu wako anamtaka, Mama. Tusipomjua, arusi yake haitakuwapo."

Akaweka kijiti chini.

"Akeyo. Nilizaliwa wakati wa mavuno. Mama aliniita Akeyo."

Mzee Opiyo aliniangalia. Hakujua kama hilo ni jina la kufurahia au la kulilia, kwa maana hakuwa na jingine la kulilinganisha nalo. Nikamuuliza bibi kama alipata kumjua mwanamke aitwaye Aloo, binti wa Alego, aliyeolewa huku.

"Aloo? Alikuwa juu pale, nyuma ya kilima. Tuliitwa Nyar Alego sote wawili, watu wakituchanganya tukawacheka. Yeye ni wa ukoo mwingine kabisa, kwao ni karibu na mto, kwetu ni juu. Alifariki zamani, hakuacha mtoto. Alikuwa akimlilia dada yake aliyeolewa Seme. Alimwita Awino."

Mzee Opiyo alikuwa ameshika kofia yake magotini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Awino ni nani?"

"Ni mama yako, Mzee."

 Alisimama, akatembea mpaka ukingo wa maji, akatupa kisogo. Hatukumfuata. Bibi Akeyo akarudi kugeuza omena wake, maana kunguru walikuwa wamefika. Mzee aliporudi alimwendea yule bibi, akapiga goti moja, jambo ambalo mzee wa umri wake hafanyi ovyo, akamwomba amsimulie Aloo alikuwa akisema nini juu ya dada yake. Walizungumza mpaka tukakosa basi la mwisho. Tulilala pale.

Mashahidi wawili, wa nyumba mbili zisizojuana, walikuwa wametaja majina yaleyale. Padre aliridhika. Nilisoma tangazo la pili na la tatu, na mara hii niliwataja nyanya kwa majina yao: mjukuu wa Awino na mjukuu wa Akeyo. Wanawake walipiga vigelegele kabla sijamaliza. Mzee Opiyo alipita na kapu la sadaka, na alipofika mbele yangu aliniambia, "Soma tena hapo kwa Awino." Nikasoma tena. Padre alinikazia macho, lakini hakunikataza.

Tangu siku hiyo, kila nilipokaa benchini na wachumba, niliuliza jina la nyanya, lile la usichana. Wengi hawakulijua. Niliwarudisha nyumbani wakaulize, na wengine walikasirika kwamba nawachelewesha. Niliwavumilia, nao wakanivumilia. Paroko mmoja aliyekuja baadaye alisema nimeongeza kizuizi kisichomo katika sheria. Nilimjibu kwamba si kizuizi, ni salamu.

Nimestaafu sasa. Magoti hayaniruhusu baiskeli, na habari za watu zinapita kwa simu bila kunihitaji. Sina manung'uniko. Mungu alinipa kazi ya kukaa kati ya ndugu na kusikiliza wanavyotajana, na sijui kama kuna chuo kingine kingenifundisha uvumilivu kiasi hicho. Vijana wananiuliza kama tulikuwa sahihi kuwasumbua wachumba hivyo. Nawaambia mlango wa kwa DC ulikuwa wazi, na Consolata alichagua kungoja.

Mzee Opiyo aliishi miaka kadhaa baada ya arusi ile. Kila Novemba, tunapowaombea marehemu, watu wa kigango hutaja kwa sauti majina ya wapendwa wao. Zamani yeye alikuwa akitaja baba yake, babu yake, na ndugu yake, halafu anaketi. Baada ya Usenge aliwataja hao wote, akabaki amesimama. Kanisa lilimngoja. Kisha alisema, "Na mama yangu, Awino," akaketi.