Siku Niliyojifanya Mnunuzi wa Ndizi

Hili sijamwambia hata mke wangu. Mimi ni diwani, na tangu nichaguliwe nilikuwa sijapanda tena kwa wapiga kura wangu wa mlimani. Naishi zangu chini, Bigwa. Wiki iliyopita nikajikaza, nikapanda. Ukungu wa Uluguru ukanimeza, nikawa natembea kama niko usingizini, viatu vyangu sivioni, nasikia tu maji yakinong'ona mahali fulani.

Akatokea bibi mmoja na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe, mwanangu?"

Aibu ikanishika. "Mnunuzi wa ndizi."

Tukaongozana. Akanisimulia jinsi jogoo wake alivyonadiwa kwenye harambee ya kampeni ili diwani achapishiwe mabango. Diwani akaahidi kuezeka upya zahanati, akashinda, akapotea.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikanogewa. "Huyo si mtu, bibi! Amekula jogoo wako na manyoya yake! Mnyimeni kura!"

"Eti eeh?" akasema taratibu.

Mvua ikaanza. Tukakimbilia zahanati kujikinga. Ndani, nikainua macho. Tundu la paa lilikuwa limezibwa kwa bango langu la kampeni, na uso wangu mkubwa ulikuwa ukinitabasamia kutoka juu.

Bibi akautua mkungu wake.

"Sauti niliijua tangu shikamoo, mheshimiwa," akasema. "Sogea huku usilowe. Hapo kwenye sikio lako panavuja."