Kibuyu cha Kusukia Maziwa

Juzi, kambini, nilimwona mtoto wa kike akitikisa bidoni ya maji huku risasi zikilia ng'ambo ya kilima.

"Unafanya nini, mama?" nilimwuliza.

"Niko nanyamazisha masasi," akasema bila kunitazama.

Nikasikia tena harufu ya maziwa yaliyochacha na moshi wa nyumba yetu ya Bihambwe. Alasiri ile ya utoto wangu Papa alikuwa malishoni na ng'ombe wetu, na milio ilikuwa imeanza upande wake. Mama alinipakatisha kibuyu cha kusukia maziwa.

"Tikisa. Usiangalie mulango."

Nilitikisa. Maziwa yalipiga kuta za kibuyu kwa nguvu hata nikawa siisikii milio vizuri, nikazidisha. Mikono iliwaka. Mwishowe siagi ikajikusanya, na papo hapo nje kukawa kimya.

"Mama, nimemaliza masasi!"

"Eh, komanda wangu," akasema, akacheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani ni furaha.

Alimwekea Papa fungu lake katika jani la mgomba. Likakaa pale mpaka likanuka.

Sasa najua kwamba siagi haikunyamazisha kitu. Milio ilikoma kwa sababu waliokuwa wakipiga walikuwa wamemaliza kazi yao, na Mama alilijua hilo papo hapo.

Nilitaka kumweleza mtoto yule. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kuchoka, na kilimani walikuwa bado wanapiga.

"Lete," nikamwambia, "nikusaidie kidogo."