Siku Baba Alipompigia Chelel Mluzi

Enzi zetu pale Sigor, miaka ya hamsini, mwaka haukuanza Januari. Ulianza siku malori ya Keya, jeshi la mkoloni, yalipotokea upande wa Kericho, yakapita katikati ya mashamba ya majani chai na kushuka mpaka kwetu vichakani, yamejaa askari wa Kenya, wa Uganda, wa Tanganyika, pamoja na Wazungu wao. Walikuja mara moja kwa mwaka, wimbi, ule ulezi wa uji, likianza kukomaa, kufanya mazoezi ya vita. Walijigawa pande mbili wakawindana siku nne nzima kwa baruti tupu. Sisi watoto tuliona ni wendawazimu mtupu: watu waliokunywa chai ya sufuria moja asubuhi wanauana saa nne, halafu jioni wanaazimana sabuni.

Mzungu mwenye kitambaa cheupe mkononi ndiye aliyeamua nani amekufa. Akikugusa bega umekwisha, nenda ukakae kivulini. Wafu wale walikuwa watu wazuri sana. Walitugawia biskuti ngumu kama vigae, wakatuomba maziwa, na mmoja wao kutoka Uganda alitufundisha kutengeneza filimbi kwa maganda ya risasi. Sigor nzima ililia filimbi mwezi mzima, mpaka mama zetu wakazificha. Watoto wa leo wananunuliwa magari ya betri, na betri ikiisha wanalia kama waliofiwa. Sisi ganda moja lilitutosha mpaka malori yarudi.

Lakini nyumbani kwetu hatukuyangoja malori kwa sababu ya biskuti. Baba alikuwa koplo wa Keya. Miezi mingine yote hatukujua yuko wapi, wala kama yuko. Mazoezi ndiyo yaliyomleta karibu, na hata hapo tulimwona kwa mbali tu, akipita kwenye mstari na majani yamefungwa kofiani. Ule mwaka ambao nilikuwa na miaka tisa hivi, tukapata habari kwamba upande wake ukikishikilia kilima hadi saa sita mchana siku ya mwisho, askari wenye kwao karibu watapewa ruhusa ya kulala nyumbani siku mbili.

Siku mbili! Mama alikandika nyumba upya kwa samadi, ndani na nje. Akachoma kijiti cha senetwet, akasugua kibuyu kwa mkaa wake, akagandisha maziwa ya mursik jinsi baba alivyoyapenda. Sijawahi kumsikia mama akiimba kama wiki ile.

Kwetu hakukuwa na mvulana, kwa hiyo mchungaji nilikuwa mimi. Asubuhi ya siku ya mwisho mama alinionya: "Chebet, leo usiende kule kwa Keya. Ukiona vichaka zinatembea, rudisha ng'ombe nyumbani." Nikaitikia vizuri kabisa, na moyoni nilikuwa nimeshapanga langu. Niliwapeleka ng'ombe mpaka chini ya kilima, nikawaacha wajichunge wenyewe, nikapanda juu ya kichuguu nimtafute baba. Nilitazama mbele, nikatazama kando. Sikuona hata kofia.

Ndipo mluzi ukasikika nyuma yangu. Mmoja mrefu, halafu miwili mifupi. Nikageuka. Ulikuwa mluzi wa baba wa kumwita Chelel, ng'ombe wetu mweupe, ambaye wakati huo alikuwa ameshaingia kwenye wimbi la jirani. Chelel aliinua kichwa, akatoka shambani mbio, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kichaka kimoja na kuanza kukilamba. Kichaka kile kilikuwa baba.

Upande wa adui hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Walimimina baruti, na Mzungu wa kitambaa akapita akigusa bega baada ya bega. Zilibaki dakika chache tu kufika saa sita. Sajini wa upande wa baba, mtu wa Tanganyika, alifoka: "Koplo! Umetuua watu kumi na wawili kwa ajili ya ng'ombe?"

"Afande," baba akajibu, Chelel bado anamlamba shingo, "ng'ombe ikiingia kwa wimbi ya watu, mimi nitanyamaza aje?"

Wafu wote wakaangua kicheko, hata sajini. Mimi sikucheka. Nilijua nani aliyewaacha wale ng'ombe.

Ruhusa ikafa hapo hapo. Alasiri mama alikipeleka kibuyu barabarani, akampa baba akiwa tayari juu ya lori. Baba akanywa, akakirudisha, wakashikana mikono. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Nilitaka kusema, lakini dereva alikuwa ameshawasha gari. Jioni ile mama hakuimba.

Mwaka uliofuata malori hayakuja, wala ule wa baadaye. Wenzangu walililia biskuti. Mimi nilipanda kichuguu kile kila wimbi lilipoanza kukomaa, nikaitazama barabara ya Kericho mpaka macho yakauma. Baba alirudi mwaka wa tatu, kwa miguu, utumishi umekwisha. Kabla hajafika langoni alipiga mluzi wake. Chelel alikuwa amekufa kwa ndigana zamani. Nikatoka mimi, nikilia, nikamweleza yote: kwamba niliwaacha ng'ombe, na kwamba mimi ndiye niliyemnyima zile siku mbili.

Baba alicheka. "Wimbi ilikuwa ya kuambia sajini," akasema. "Wewe ulikuwa umesimama kwa kichuguu, umenipa mgongo. Mwaka mzima sijaona wewe. Nilitaka tu ugeuke."

Siku hizi mjukuu wangu ni mwanajeshi, na kila mwaka huenda mazoezini na majeshi ya nchi rafiki. Hawana haja ya majani kofiani. Wana ndege zisizo na rubani. Hunipigia simu ya video kutoka huko huko porini, na boma zima tunajazana. Ninachokiona ni paji la uso na sikio moja. "Gogo, unaniona?" huuliza, akili yake ikiwa kwenye kitu kingine. Namjibu kwamba namwona. Simu ikikatika hunitumia salamu za vikatuni vinavyocheka.

Nampenda sana kijana huyo. Lakini ningezitoa simu zote za boma hili nisikie nyuma yangu, mara moja tena tu, mluzi mmoja mrefu na miwili mifupi, nigeuke.