Mke Wangu wa Kuvilia Damu

Mke wangu alikuwa mtu wa kuvilia damu. Ukimshika mkono umvushe mtaro, kesho yake pale uliposhika pamekuwa zambarau. Mswaki ulimtoa damu kwenye ufizi, na kamba ya pakacha la karafuu ilimwachia mstari begani uliokaa wiki nzima. Wallahi nilikuwa naogopa kumgusa mke wangu mwenyewe. Hata kikombe cha maji nilikiweka chini, akakiokota.

Kijijini kwetu Wawi watu tulikuwa tukionana kila siku. Wanawake kisimani waliiona mikono yake, na hawakumuuliza kitu. Salamu walininyima mimi. Ningesema nini? Mwanamume akianza kupita mlango kwa mlango kueleza kwamba hampigi mkewe, si ndiyo keshakiri?

Nikaenda Tibirinzi kwa bibi mmoja aliyejua mizizi. Akaniambia damu haina ubaya, mishipa ndiyo laini. Nichimbe mizizi ya mkwamba, ichemshwe mpaka maji yageuke rangi, anywe asubuhi na jioni kwa siku saba. Nilichimba mpaka kucha zikaniuma. Siku ya nne ufizi ulikuwa ungali unatoka damu, nami nikazidisha mizizi kwenye chungu bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Siku ya tano wakaja mama mkwe na kaka yake mke wangu. Mama alipandisha mikono ya gauni la mwanawe, akaona, akaanza kulia.

"Hanipigi, mama," mke wangu akasema. "Ni mishipa yangu."

"Mishipa!" akasema kaka mtu. "Na mie nna nke nyumbani. Mbona yeye hana mishipa hiyo?"

Nikamwonyesha chungu. Akakipiga teke, dawa yote ikamwagika uani. Mungu anisamehe, nilikunja ngumi mbele yao. Ngumi hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mwaiona?" akasema. Akamkamata dada yake mkono juu ya kiwiko, akamvuta mpaka njia ya Madungu, kwao. Mke wangu aligeuka mara moja tu.

"Nchimbie mingine," akaniambia.

Sikuchimba. Nilikaa kizingitini siku tatu. Nilijua simpati tena. Na kilichonikata maini zaidi ni kwamba ningekuwa mimi kaka yake, nami ningemchukua.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, kaka mtu akaja peke yake. Alipiga hodi kwa sauti ndogo, akasimama palepale alipomwaga dawa, mkono wa kulia kauficha nyuma ya kanzu.

"Shemegi," akasema, hanitazami. "Vidole vyangu vyote vitano vi nkononi mwake. Ule nzizi wauchimba wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikampa jembe, nikatangulia njia.