Mafundo ya Bi Mwanamkasi

Wallahi, mimi na udadisi wangu! Tangu utotoni nililichungulia lile kapu la Bi Mwanamkasi, mkunga aliyezalisha nusu ya Bagamoyo. Ndani mlijaa vipande vya nguo, kila mtoto na chake. Mtoto akinyonyeshwa na mama asiye wake, Bi Mwanamkasi hufunga fundo kwenye kipande chake. Kila akishiba, fundo. Yakitimia matano, basi: mtoto yule na watoto wa mama yule ni ndugu wa kunyonya, na ndoa baina yao ni haramu.

Kusoma hakujua. Alivitunga vipande vyote kwenye ugwe mmoja kwa kufuata nyumba zilivyopangana, kuanzia sokoni hadi pwani. Ukimuuliza habari ya mtu, hufumba macho, akaitembea ile njia kichwani, na mkono ukaenda moja kwa moja.

Sasa, siku nane kabla ya nikaha yangu na Mbaruku, shangazi yangu akafika kutoka Zinga. Hana kifua yule. Hata maji hajanywa, akasema, "Huyu Somoe si alinyonyeshwa na mamake Mbaruku?"

Nikamgeukia mama. Mama akakiri: nilizaliwa wiki ya kile kimbunga kikubwa, homa ikamshika, na mamake Mbaruku akaninyonyesha. Yeye alidhani ni mara mbili tatu tu, lakini alikuwa hajitambui, na mamake Mbaruku alishafariki. Nami nilimpenda Mbaruku, sioni haya kusema. Hata kikohozi chake akipita dirishani nilikipenda.

Tukaenda mbio kwa mkunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, bibi harusi."

Akalivuta kapu, akafumba macho, akatia mkono. Mkono ukapapasa huku na huku, usijue pa kwenda. Kumbe mkwewe Adija, katika kusafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani, alivifungua vipande vyote kutoka kwenye ugwe, akavifua, akavipanga upya: kaniki na kaniki, nyeupe na nyeupe. Na vilipendeza, jamani!

"Nilitaka kukusaidia, mama," Adija akasema, machozi yakimlengalenga.

"Umenisaidia nipotee mjini kwangu," Bi Mwanamkasi akamjibu.

Mama akakaa mkekani akalia. Mimi nikasema nitalia baadaye, kwanza niulize. "Bibi, mwaka wa kimbunga ulipata wapi nguo za kukata?"

Akacheka. "Mtoto mdadisi wewe! Nguo zote zilichukuliwa na upepo. Nilikata tanga bovu lililotupwa ufukweni."

Tukapekua. Vipande vya tanga vilikuwa vitatu tu, vigumu kama ngozi kavu. Viwili vilishonewa kauri, alama ya mvulana. Kimoja kilishonewa ushanga, alama ya msichana. Hicho cha ushanga nilikiona mimi, wenzangu wangali wameinamia upande wa pili wa kapu.

Nikahesabu mafundo. Nikarudia. Matano.

La mwisho lilikuwa limelegea kwa kule kufuliwa, la kuingiza ukucha tu. Nikauingiza. Likafunguka nusu, wala hakuna aliyeniona. Mara nikaviona vile vipande vyote vilivyotapakaa mkekani, watu wa mji mzima waliooana kwa kumwamini bibi huyu. Nikalikaza fundo lile kwa meno, huku namchukia kila mtu, na nafsi yangu kwanza.

"Umekipata?" Bi Mwanamkasi akauliza.

"Nimekipata, bibi. Ni matano."

Kesho yake nilikuwa uani nasuka ukili, kichwa wazi, Mbaruku akabisha hodi. Nikaurukia ushungi wangu. Mama akanishika mkono.

"Wa nini tena, mwanangu? Ni kaka yako huyo."

Mbaruku akasimama mlangoni. Akaziona nywele zangu kwa mara ya kwanza, akainamisha uso.

"Hujambo, dada," akasema.